Kuchagua rangi ya injini ya trekta la zamani: mwongozo kamili, kwa mfano wa Massey Ferguson 135

Injini ya trekta haipakwi kopo moja. Ukinunua lita nne za kijivu na kupaka kuanzia sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, hadi bomba la moshi, siku ya kwanza itapendeza. Baada ya siku chache za kulima, manifoldi ya moshi, kile chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda, itakuwa imebaki chuma kitupu chenye kutu, na rangi iliyo chini ya pampu ya dizeli itakuwa inabanduka kwa ukucha. Kila sehemu ya injini ina joto lake, na ina kimiminika kinachoidondokea. Rangi huchaguliwa kwa hayo mawili kwanza. Kufanana na ile ya kiwandani huja baadaye, ingawa wengi huanzia huko.

Mfano wetu ni Massey Ferguson 135 lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi katikati ya miaka ya 1970, lenye injini ya Perkins AD3.152: dizeli, silinda tatu, lita 2.5. Bado yako mengi mashambani Kenya na Tanzania, na vipuri vyake havijaadimika. Utaratibu ni ule ule kwa MF 35, Fordson Major au Ford 5000.

Joto na vimiminika, sehemu kwa sehemu

Themostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye takribani 82°C. Kwa hiyo bloku, pampu ya maji na kifuniko cha mbele hukaa kati ya 80 na 100°C, mradi rejeta ni nzima. Sampu hufuata joto la oili, ambalo katika kazi nzito hupita 100°C kidogo. Silinda hedi ni moto zaidi upande wa matundu ya moshi. Hapo weka hesabu ya 150°C. Manifoldi ya moshi ni jambo jingine kabisa: trekta likivuta plau ya diski katika udongo mzito, uso wake hufika 300 hadi 500°C. Bomba la moshi hupungua joto kadiri unavyopanda juu.

Ukiwa na kipimajoto cha miale, pima mwenyewe baada ya nusu saa ya kazi. Elekeza kwenye sehemu yenye masizi au rangi nyeusi isiyong'aa, kwa kuwa chuma kinachong'aa hukidanganya kipimo na kukupa namba ya chini kuliko ukweli.

Kuhusu vimiminika, dizeli ndiyo adui mkubwa. Hudondoka kwenye filta, kwenye pampu, na kwenye vijibomba vya kurudisha mafuta juu ya nozeli. Oili hukaa kwenye mdomo wa sampu na nyuma ya kifuniko cha roka. Maji ya rejeta hutiririka chini ya pampu ya maji. Popote betri ilipo, asidi yake hula rangi yoyote ya bei rahisi.

Rangi zilizopo dukani na kinachofaa wapi

NC, yaani rangi ya nitroselulosi ambayo mafundi wengi wa magari huiita duko, hukauka kwa dakika chache na kusuguliwa vizuri. Hiyo ndiyo sababu fundi atakushauri uitumie. Usikubali kwa injini. NC iliyokauka bado huyeyuka ikiguswa na thina, hulainika kwa mafuta, na joto la mara kwa mara huifanya ipasuke nyufa nyembamba. Kwa boneti inaweza kupita. Kwa bloku hapana.

Enameli ya alkidi, yaani rangi ya mafuta ya viwandani na mashine, ndiyo familia ya rangi zilizotumiwa sana kwenye matrekta ya miaka hiyo. Nzuri huvumilia joto kavu la hadi 120°C hivi, hupakwa kwa brashi bila shida, na huchanganywa na tapentaini. Udhaifu wake uko kwenye muda: hukauka kwa kuvuta hewa, taratibu, na isipokomaa siku saba au zaidi dizeli itailainisha. Usiichanganye na enameli ya milango na madirisha. Ile ya nyumbani hugeuka njano kwenye joto na hubaki laini.

Rangi ya makopo mawili, ambayo lebo yake huandikwa 2K, ni poliyurethani au akriliki inayogandishwa na hadena. Hii ndiyo chaguo letu la kwanza kwa bloku, hedi, sampu na giaboksi ya trekta litakalorudi shambani. Ikishakomaa, dizeli na oili hufutwa kwa kitambaa na rangi hubaki. Huvumilia kati ya 120 na 150°C kutegemea mtengenezaji. Gharama yake ya kweli ni afya: hadena nyingi zina isosianati, ambazo zikivutwa kama mvuke wa spre huweza kuleta pumu isiyopona. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote, na hata ile ya vichujio vya mkaa haitoshi kwa kupuliza 2K. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama huna, paka 2K kwa brashi mahali pa wazi ukiwa na glavu na barakoa ya vichujio, au tumia alkidi. Hakuna trekta linalostahili mapafu ya mtu.

Epoksi si rangi ya juu bali ni praima, yaani rangi ya chini inayoshika chuma, bora kuliko zote kwa kazi hii. Hushika chuma cha kasti na aluminiamu, na haipenyezi mafuta. Ikiachwa juani bila kufunikwa huchakaa na kutoa unga mweupe.

Makopo ya spre yaliyoandikwa rangi ya injini hutaja namba kubwa, mengine hadi 260°C. Soma maandishi madogo: mara nyingi hilo ni joto la muda mfupi, si la saa nane za kulima. Yanafaa kwa vitu vidogo kama mabano ya alteneta, puli na kifuniko cha roka. Kwa injini nzima utamaliza makopo mengi, na tabaka litakuwa jembamba.

Rangi ya silikoni ya joto kali, ya 600°C na kuendelea, ni ya manifoldi na bomba la moshi tu. Ukiipaka kwenye bloku, ambako joto halifiki la kuiivisha, itabaki laini na dizeli itaiosha. Namba kubwa kwenye kopo haina maana kwamba rangi ni bora kila mahali.

Na rangi ya fedha ya mabati, inayopakwa sana kwenye mabomba ya moshi barabarani? Isipokuwa lebo imetaja joto, iache kwenye mabati.

Kupata kijivu chenyewe

MF 135 lilitoka na bati jekundu, na injini pamoja na giaboksi za kijivu. Kijivu hicho hakikuwa kimoja kwa miaka yote, na leo maduka huuza vijivu kadhaa tofauti kwa jina lile lile la Massey Ferguson. Ferguson TE20 lilikuwa kijivu chepesi mwili mzima. FE35 la mwaka 1956 lilikuwa na injini ya rangi ya shaba nyekundu-dhahabu chini ya bati la kijivu, kabla ya MF 35 kuja na nyekundu mwishoni mwa 1957. Ford 5000 lina injini ya buluu.

Tafuta rangi ya asili mahali ambapo jua na brashi za wamiliki waliopita hazikufika: nyuma ya stata, chini ya bano la filta ya dizeli, chini ya kibati cha namba. Safisha kwa sabuni, kisha sugua kidogo kwa polishi ya kukata hadi uso uliochakaa uondoke. Linganisha mchana, nje, kivulini. Duka lenye mashine ya kusoma rangi linaweza kukutengenezea kutoka kwenye kipande hicho. Sema mapema unataka 2K au alkidi, kwa sababu mchanganyiko wa moja haufai nyingine. Nunua yote kwa mara moja. Kopo la pili likichanganywa wiki ijayo litatofautiana, na tofauti itaonekana pale bloku inapokutana na giaboksi.

Manifoldi usihangaike kuilinganisha. Rangi za joto kali hupatikana hasa kwa nyeusi, fedha na kijivu cha mkaa, na hata viwandani matrekta mengi yalipuliziwa rangi ya injini juu ya manifoldi ikaungua katika saa za kwanza za kazi. Kijivu cha mkaa kisichong'aa ndicho kinachokaa vizuri machoni.

Kiasi cha kununua

Injini ya silinda tatu ina takribani mita mraba 2 za kupakwa, ukihesabu mbavu na pembe. Lebo itadai lita moja inafunika mita mraba 10 au 12, lakini kwa kupuliza kitu chenye pembe nyingi tegemea 6. Tabaka mbili ni mita mraba 4, hivyo lita 1 inatosha na kubaki ya marekebisho. Ukichukua giaboksi na nyumba ya ekseli ya nyuma kwa rangi hiyo hiyo, nunua lita 2.5 hadi 3. Praima ya epoksi: seti ya lita 1 kwa injini peke yake. Manifoldi inatosha kopo moja la spre la mililita 400.

Ongeza lita 2 za thina ya aina ile ile ya rangi. Thina ya NC ndani ya 2K huua ugandaji, na ndani ya alkidi hukunjisha tabaka la chini.

Kuandaa chuma

Hapa ndipo kazi hushinda au kushindwa. Anza kwa kuziba mivujo. Sili ya krenki inayovuja au gasketi ya kifuniko cha roka iliyokwisha haitatibiwa na rangi. Oili itapita chini ya rangi na kuinyanyua kutoka pembeni. Funga injini kwa gasketi mpya, acha manifoldi ikiwa imevuliwa, kisha ziba kila tundu: ya hewa na moshi kwa vipande vya plaiwudi vilivyofungwa kwa bolti, ya dizeli na oili kwa vizibo vya plastiki. Vitambaa vilivyosokotwa ndani ya tundu husahaulika humo.

Kwangua tope la grisi kwa chuma bapa. Osha kwa mafuta ya taa na brashi ngumu, mara mbili. Mafuta ya taa nayo huacha utando, kwa hiyo fuata na maji ya moto yenye sabuni ya unga, suuza, na kausha kwa upepo wa kompresa. Injini ikiwa ya moto, usiimwagie maji baridi pampu ya dizeli: sehemu zake za ndani zimeachana kwa nafasi ndogo mno, na chuma kikisinyaa ghafla pampu hukwama. Kostiki soda iache mbali na aluminiamu, kwani huila na kutoa haidrojeni. Kama hujui ni kipande gani kimetengenezwa kwa aluminiamu, weka sumaku.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi. Isisuguliwe kavu wala kuchomwa kwa moto wa gesi. Tumia dawa ya kuondolea rangi, au msasa wa maji, na kusanya mabaki. Kupuliza mchanga injini iliyofungwa ni kosa kubwa, kwa sababu punje hupenya kwenye sili na njia za oili, na punje moja kwenye beringi ya krenki inatosha. Vumbi la mchanga nalo huharibu mapafu kiasi kwamba Uingereza ilipiga marufuku kutumia mchanga wa silika kusafishia vyuma vya kasti tangu 1949. Rangi ya zamani ikishaondoka, brashi ya waya kwenye grainda inatosha kwa bloku. Kutu iliyobaki kwenye vishimo ipakwe dawa ya asidi ya fosforiki, kisha isuuzwe na kukaushwa kabisa.

Chuma cha kasti kina vinyweleo vinavyofyonza oili kwa miaka. Kipashe joto polepole kwa taa za joto au bunduki ya hewa moto hadi kiwe moto wa kutoshikika. Oili itatoka jasho. Ifute kwa asetoni, rudia hadi kitambaa cheupe kibaki cheupe. Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayoeleza vijitundu vinavyotokea siku ya kwanza injini inapopata moto.

Usipake nyuso za gasketi, nyuzi za bolti, skrubu za kutolea hewa kwenye filta na pampu, mikono ya pampu inayozunguka, kibati cha namba, mipira na mikanda, wala mahali waya wa ethi unapofungwa. Funika kwa tepu ya karatasi. Skrubu na bolti unaweza kuzipaka grisi, lakini kwa ncha ya kijiti, maana grisi ikigusa pembeni rangi haitashika. Silikoni ya gasketi pia ni hatari: kidole kilichoishika kikigusa bloku, rangi itajitenga kwenye viduara kama macho ya samaki.

Kupaka

Hali ya hewa kwanza. Chuma kiwe angalau 3°C juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hiyo ina maana ya kusubiri hadi saa nne asubuhi na kumaliza saa tisa alasiri. Eldoret au Njombe asubuhi chuma huwa baridi mno kwa 2K. Kipashe joto kwanza. Joto la mchana likipita 30°C tumia thina ya polepole, la sivyo rangi hukauka hewani na kutua kama msasa.

1. Paka epoksi tabaka moja hadi mbili, mikroni 40 hadi 50 ikikauka. Kwa spre gan, nozeli ya milimita 1.6 hadi 1.8.

2. Anza na brashi kwenye pembe, mbavu za chini na mizunguko ya vichwa vya bolti, ndipo upulize. Spre huruka pembe, na kutu huanzia hapo.

3. Paka rangi ya juu ndani ya muda ulioandikwa kwenye lebo ya epoksi. Ukipita, sugua kwa msasa namba 320 kwanza.

4. Changanya 2K kidogo kidogo. Kwa uwiano wa 4:1 ni mililita 320 za rangi, 80 za hadena na 40 za thina. Kwenye joto la kwetu mchanganyiko huganda mapema kuliko lebo inavyosema, kwa hiyo usichanganye lita nzima.

5. Nozeli ya milimita 1.3 au 1.4, upepo wa bar 2 hadi 2.5, umbali wa sentimita 15 hadi 20. Tabaka la kwanza jepesi, la pili baada ya dakika 15 hadi 20 likiwa kamili. Jumla yote na praima iwe mikroni 80 hadi 120.

Kwa alkidi, tabaka la pili lipakwe ndani ya saa chache zilizotajwa kwenye lebo au baada ya wiki. Ukipaka katikati ya hapo, thina mpya hupenya kwenye tabaka lililokauka juu tu, na lote hukunjamana kama ngozi ya maziwa.

Rejeta ipate ukungu tu wa nyeusi isiyong'aa. Rangi nene kati ya mapezi yake ni blanketi, na utaiona kwenye geji ya joto.

Manifoldi peke yake

Ipeleke hadi chuma kitupu kabisa, hata kama inahitaji kusafishwa kwa kupulizwa punje na fundi mwenye vifaa. Hakuna epoksi, hakuna pati, hakuna praima isipokuwa ile ambayo mtengenezaji wa rangi ya silikoni ameitaja. Ifute kwa asetoni na usiiguse tena kwa mkono mtupu. Tabaka mbili nyembamba, mikroni 25 kila moja. Ya tatu haileti ulinzi, huleta kubanduka.

Silikoni hukauka kwa hewa lakini huiva kwa moto. Kwa rangi nyingi za aina hii utaratibu ni wa hatua: nusu saa kwenye 120°C, ipoe nusu saa, nusu saa kwenye 200°C, ipoe, kisha nusu saa kwenye 315°C. Oveni ya jikoni haifai, kwa moshi wake na kwa sababu wengi hupikia humo. Bila oveni ya karakana, iivishe kwenye trekta: washa injini bila mzigo dakika 10, zima dakika 20, washa dakika 20, zima dakika 20, kisha iendeshe dakika 30. Itatoa moshi na harufu, na hiyo ni kawaida. Fanya nje. Ukienda moja kwa moja shambani na rangi mbichi, thina iliyobaki ndani itachemka na kutoa malengelenge.

Kusoma kasoro

Malengelenge kwenye hedi karibu na manifoldi humaanisha rangi isiyofaa joto hilo, au thina iliyonaswa na tabaka nene. Yakiwa na oili ndani ukiyapasua, chuma hakikusafishwa. Rangi inayong'oka karatasi nzima pamoja na praima kwenye aluminiamu ni praima isiyofaa. Sugua na uanze na epoksi. Inayong'oka ikiacha praima ni muda uliopita bila msasa. Unga wa kahawia kwenye manifoldi baada ya mvua ya kwanza ni tabaka jembamba mno au lisiloiva.

Kabla ya kurudisha vipuri vya nje, jaribu 2K siku ya saba: loweka kitambaa kwa dizeli, kiegemeze sehemu isiyoonekana kwa saa moja, kisha sugua kwa nguvu. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, au ukucha ukazama, uwiano wa hadena haukuwa sawa, na kuisubiri zaidi hakutasaidia. Itabidi iondolewe. Alkidi iliyoshindwa jaribio hilo siku ya saba inaweza kupita baada ya wiki nyingine mbili.

Rangi iliyoingia chini ya washa na vichwa vya nati husinyaa kwa joto na kulegeza mshiko. Baada ya mizunguko mitatu ya kupata moto na kupoa, kaza tena nati za manifoldi, bolti za bano la alteneta na za filta ya dizeli, injini ikiwa baridi.